Deki ya Kumfunga Mtu Mmoja

Nilimfahamu kwa sababu ya sketi. Ilikuwa inanibana kiunoni, nikaambiwa kwamba nyuma ya soko hapa Moshi kuna fundi anayejua kupanua nguo bila alama kuonekana. Nilipoingia kwenye chumba chake cha kazi nilimkuta ameinama juu ya meza ya kukatia vitambaa, miwani imemshuka puani, na juu ya meza hakukuwa na kitambaa chochote. Kulikuwa na karata. Siyo za kopa na shupaza tulizozoea. Hizi zilikuwa na picha za majoka, askari wenye ngao, miti yenye mikono, na chini ya kila picha maandishi madogo ya Kiingereza. Simu yake ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la vifungo, na ndani ya simu kulikuwa na kijana mmoja, naye ameinamia karata zake.

“Shikamoo dada,” nilisema.

“Marahaba. Kaa hapo mdogo wangu, nisubiri kidogo. Huyu anataka kuniua.”

Yule wa kwenye simu akacheka. Alikuwa mdogo wake, wa mwisho kwao, aliyekwenda kufanya kazi nje ya nchi. Kabla hajaondoka alimwachia dada yake maboksi mawili ya karata na kumfundisha mchezo wenyewe, ili wakipigiana simu wawe na jambo la kufanya zaidi ya kuulizana kama mvua imenyesha. Sketi yangu ilisubiri karibu saa nzima. Sikuona vibaya. Nilikaa nikimtazama yule mama wa watu, mjane, mtandio umefungwa nyuma ya shingo, akihesabu kwa midomo na kusema polepole, “Subiri, subiri, bado.” Halafu akaweka karata moja mezani, na kule kwenye simu kijana akaanza kukusanya za kwake.

Nilikuwa na miaka thelathini na moja wakati huo. Nafanya kazi maabara, hospitalini, nashinda nimeinamia darubini nikitafuta vijidudu kwenye damu za watu. Nilipanga chumba mjini, na Jumapili napanda kijijini Mwika kwa mama. Sikuwa na rafiki wa karibu. Niliporudi kuchukua sketi nilimuuliza ule mchezo unachezwaje, akavuta kigoda akasema, “Kaa.”

Mchezo wenyewe si mgumu kueleza, ugumu wake uko kwenye kuucheza. Kila mtu anakuja na karata zake hamsini alizozichagua mwenyewe kutoka kwenye mamia. Hizo hamsini tunaziita deki. Unaanza na pointi ishirini za uhai, mwenzako naye ishirini, na mnapeana zamu ya kuvuta karata na kuitumia. Wa kwanza kuishiwa uhai ameshindwa. Karata iliyokwisha kutumika au kuuawa inawekwa pembeni, kwenye rundo tulilolipa jina la jalala. Kushinda au kushindwa kunaanza siku nyingi kabla hujakaa mezani, pale unapopanga deki yako na kuamua ipi iingie na ipi ibaki.

Deki ya dada fundi ilikuwa ya subira. Wengine walikimbilia kushambulia. Yeye aliacha apigwe, akapoteza uhai, akazitupa karata zake nzuri jalalani kwa makusudi. Halafu alikuwa na njia za kuzirudisha. Kubwa kuliko zote ilikuwa na picha ya mwanamke mzee mwenye mkongojo, sisi tukimwita Bibi. Kumtoa Bibi mkononi ni kazi ya zamu nyingi. Kumrudisha kutoka jalalani ni zamu moja tu, na kila anaporudi anarudi na nguvu zaidi. Alikuwa nao watatu. Bibi wa pili akishasimama mezani, mpinzani anaanza kukusanya karata zake aende nyumbani.

Tukazoea kucheza kila Jumatano. Nikitoka kazini nilipitia kwake baada ya swala ya alasiri, tukacheza mpaka adhana ya magharibi. Yeye akiingia ndani kuswali, mimi nilikusanya karata na kuosha vikombe. Alinifundisha kila kitu. Alinifundisha kuhesabu karata zilizobaki kwenye deki, kumtazama mtu mikono badala ya uso, kutocheza karata nzuri kwa sababu tu unayo. Karata ikikunjika pembe aliiweka chini ya kitambaa na kuipitishia pasi ya uvuguvugu mpaka ilale. Alikuwa na kopo la biskuti lililojaa karata asizozihitaji, akanisogezea. “Chukua unazotaka. Hizi kwangu zimelala tu.”

Deki yangu ya kwanza nzima ilitoka kwenye kopo lile.

Jumamosi mchana tulikutana na wachezaji wengine kwenye duka la vifaa vya shule lenye chumba kikubwa nyuma. Hatukuwa wengi, kumi na wawili tukitimia wote. Wengi walikuwa vijana wa chuo. Walimwita “mama” kwa heshima na walimwogopa. Mimi nilifika mahali nikawa nawafunga karibu wote. Yeye sikumfunga hata mara moja. Miaka miwili, kila Jumatano na kila Jumamosi, na sikumfunga.

Kuna watu wangelichukulia hilo kawaida. Mimi mwanzoni nililichukulia hivyo. Halafu sijui lini, likaanza kunikaa rohoni. Kazini nilikuwa nimerukwa mara mbili kwenye nafasi ya kwenda kusoma. Nyumbani Mwika, kaka zangu walipokaa kuamua mibuni ya kihamba, shamba letu la ukoo, ing’olewe au ibaki, nilikuwepo pale pale nikimenya ndizi na hakuna aliyeniuliza. Nikishuka mjini nilikuta mtu anayenipenda, anayenipa chai na karata, na ambaye kila tukimaliza alinigusa bega na kusema, “Leo umejitahidi sana mdogo wangu.” Lile neno kujitahidi nililichukia. Sikuwahi kumwambia.

Ndipo lilipokuja tangazo. Mwenye duka alituita akasema kutakuwa na mashindano ya Moshi, mtu mmoja atakayeshinda atapelekwa Nairobi kwenye mashindano makubwa, nauli na malazi juu ya waandaaji. Vijana wakashangilia. Tulipokuwa tunarudi kwa miguu, dada fundi alinishika mkono.

“Mdogo wangu wa kwenye simu atakuwepo Nairobi,” alisema. “Anakuja kucheza. Ana miaka sita hajakanyaga huku.”

“Utakwenda kumwona basi. Nairobi siyo mbali, unapanda basi asubuhi.”

Akatikisa kichwa. “Siku hizi hanipigii tena kucheza. Anasema kazi nyingi. Mara ya mwisho aliniambia mimi nacheza mchezo wa nyumbani, eti siwezi kukaa na watu wa mashindano. Alikuwa anatania.” Akaniachia mkono. “Nataka anikute nimekaa mezani. Siyo nimekwenda kumtazama.”

Nilimwambia atashinda. Nilimwambia hivyo huku najua, tayari siku ile ile, kwamba na mimi naitaka nafasi.

Jumamosi iliyofuata nilipanda Mwika badala ya kwenda dukani. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, ukungu umeshuka mpaka migombani, na mama alikuwa jikoni anamenya ndizi za mtori. Nikaketi kwenye benchi karibu na moto, nikatandaza khanga juu ya meza ndogo na kuweka deki mbili. Moja yangu. Nyingine niliipanga ifanane na ya dada fundi. Karata nisizokuwa nazo niliziandika kwenye vipande vya karatasi. Nikacheza pande zote mbili.

Nilikuwa namjua kiasi hicho. Nilijua zamu ya tatu atamtupa Bibi jalalani. Nilijua akibakiwa na uhai kumi hashtuki, akibakiwa na sita anaanza kuvuta pumzi kwa pua. Nilipokuwa upande wake nilicheza kama yeye, na bila kujua nikaanza kusema maneno yake.

“Subiri, subiri, bado.”

“Unaongea na nani?” mama aliuliza.

“Na mwenyewe, mama.”

Alinitazama, akatazama zile picha za majoka, akarudi kwenye ndizi zake. Mama ni Mlutheri wa kanisa kila Jumapili na karata hazipendi, lakini siku hiyo aliniambia neno moja tu: “Mbona una uso wa hasira?”

Nikamwambia ni moshi.

Kabla ya mtori kuiva nilikuwa nimepata nilichokuwa nakitafuta. Kuna karata moja dhaifu sana, picha yake mtu mwenye ufagio, tukiiita Mfagiaji. Haishambulii, haikulindi. Kazi yake ni moja: inachukua kila kilichomo kwenye jalala la mpinzani na kukitoa mchezoni moja kwa moja. Hapa Moshi hakuna aliyeiweka kwenye deki, kwa sababu hakuna aliyetegemea jalala isipokuwa mtu mmoja. Na aliyekuwa nazo ni huyo huyo. Mbili alinipa zamani, zilikuwa kwenye droo yangu. Mbili nyingine zilibaki kwenye kopo la biskuti.

Jumatano nilimwomba.

“Za nini hizo? Hazina faida,” alisema huku akizitafuta.

“Za kujazia tu.”

Akanipa. Moja ilikuwa na pembe iliyokunjika. Akainuka, akachomeka pasi, akainyoosha, akapuliza ipoe, ndipo akanikabidhi. Nilisema asante.

Kuanzia hapo zilibaki Jumatano tatu kabla ya mashindano. Zote tatu nilikwenda kwake nikacheza naye kwa deki yangu ya zamani, ile aliyoizoea. Nyumbani nilikuwa nimepanga nyingine, imemlenga yeye tu kila karata. Alinisaidia kurekebisha ile ya zamani. Alisema nina karata nyingi za ulinzi, nipunguze mbili, niongeze za kuniruhusu kuvuta karata zaidi. Alifikiri kwa muda mrefu juu yake, kidole mdomoni, kama anakata kitambaa cha mteja. Mimi nikaitika, “Kweli dada,” nikazibadilisha mbele ya macho yake karata za deki ambayo sikukusudia kuicheza. Jumatano ya mwisho alinionyesha mabadiliko yake mwenyewe. Aliniuliza, “Unaona tundu lolote hapa?”

Nilitazama kwa makini. Nikasema, “Sioni.”

Mashindano yalifanyika kwenye ukumbi wa shule, mchana, mvua inapiga bati kiasi cha watu kusemezana kwa kupaza sauti. Mizunguko ya kwanza nilipita kwa shida. Deki yangu haikuwa nzuri, niseme ukweli. Wafagiaji wanne walikuwa mzigo, na mara mbili niliokolewa na makosa ya mpinzani. Yeye alipita bila jasho. Nusu fainali wakatuita pamoja. Alikuja akitabasamu, ameshika kimfuko cha khanga alichoshona cha kuwekea deki yake. Mimi nilikuwa na kama hicho. Alitushonea viwili kutoka kitambaa kimoja.

“Haya mdogo wangu. Atakayeshinda amnunulie mwenzake soda.”

Tukachanga karata, tukakatiana, tukaanza. Zamu ya tatu akamtupa Bibi jalalani, kama nilivyojua. Zamu yangu nikaweka Mfagiaji.

Aliitazama ile karata. Akaisogeza kwa kidole karibu na miwani.

“Hii niliinyoosha mwenyewe,” alisema. Hakuisema kwa hasira. Aliisema kama mtu anayeikumbuka.

Akachukua rundo lake la jalala, na Bibi ndani yake, akaliweka kando nje ya mchezo. Aliendelea kucheza. Alipomtupa Bibi wa pili nilikuwa na Mfagiaji wa pili mkononi. Aliponitazama baada ya hapo nadhani alikuwa ameshaelewa yote: ombi la zile karata, zile Jumatano, lile jibu langu. Mchezo wa kwanza nikashinda. Unachezwa mara tatu, anayeshinda mara mbili amepita. Wa pili alijaribu kucheza bila jalala, akawa kama mtu anayeandika kwa mkono wa kushoto. Nikashinda na huo.

Miaka miwili nilikuwa naisubiri saa ile. Nilikuwa nimewaza nitafurahi namna gani, nitacheka, atanikumbatia, atasema sasa umekuwa. Alikusanya karata zake taratibu akazirudisha kwenye kimfuko, akanipa mkono.

“Hongera,” alisema. “Umepanga vizuri.”

Akachukua mwavuli wake akatoka. Hakubaki kutazama fainali.

Fainali haikufika robo saa. Nilikutana na kijana mmoja wa chuo, deki yake ya mbio, askari wadogo wadogo wanaoshambulia tangu zamu ya kwanza. Jalala hakulihitaji kwa lolote. Mchezo wa kwanza nilivuta Wafagiaji watatu mfululizo, nikabaki nimewashika mkononi hawana cha kufagia, huku uhai wangu unashuka kumi na mbili, saba, mbili. Wa pili ulikuwa hivyo hivyo. Yule kijana hakuamini. Aliniuliza kwa adabu kabisa, “Dada, hizi uliziweka za nini?”

Nilikuwa nimepanga deki ya kumfunga mtu mmoja, na ilimfunga mtu mmoja.

Yule kijana alikwenda Nairobi akatolewa mzunguko wa kwanza. Hayo niliyasoma kwenye kundi letu la simu. Dada fundi hakwenda, si kucheza wala kumwona mdogo wake. Nilisikia alimwambia kwamba ana kazi nyingi za sare za shule.

Jumatano iliyofuata sikwenda kwake. Ya pili pia. Ya tatu nilifika mpaka kwenye kona nikasikia cherehani yake, nikageuka. Mwezi ulipokwisha nikachukua kitambaa cha gauni, nikajikaza nikaingia.

“Shikamoo dada.”

“Marahaba. Karibu. Unataka mshono gani?”

Nikamweleza. Akavaa mkanda wa kupimia shingoni, akanisimamisha katikati ya chumba. Akanipima mabega, akaandika. Akanipima mkono, akaandika.

“Dada, nimekuja kukuomba msamaha.”

“Inua mikono.” Akanizungushia mkanda kifuani. “Wa nini? Hukuvunja sheria yoyote. Mchezo ndivyo ulivyo, unamtazama mwenzako unatafuta pa kumpigia. Mimi mwenyewe ndiye niliyekufundisha.”

“Najua. Lakini—”

“Simama wima.” Alishuka kiunoni. Alikuwa karibu kiasi cha kusikia pumzi yake, na hakunitazama. “Kushindwa hakukuniuma. Nimeshindwa na mdogo wangu miaka mingapi. Ungekuja na hizo karata zako ukaniambia, dada, safari hii nakuja kukufunga, ningecheka. Ningekuogopa pia, ningepanga upya. Ila ulikaa hapa. Ukanywa chai yangu, ukaniacha nahangaika na deki ambayo hutaicheza. Nikakuuliza kama kuna tundu.”

Nilianza kulia. Hakunizuia wala hakunibembeleza. Aliandika kipimo cha kiuno, akakunja mkanda.

“Gauni njoo Ijumaa,” alisema.

Gauni lilikuwa zuri sana. Bado ninalo.

Tuliendelea kuonana Jumamosi dukani. Alinisalimia, aliuliza hali ya mama, na tukipangiwa meza moja tulicheza. Alikuwa amepanga deki mpya ambayo sikuijua mwanzo wala mwisho, na mimi Wafagiaji niliwatoa nikawarudisha kwenye droo. Tulifungana, mara yeye mara mimi. Kwa macho ya watu wengine nilikuwa nimefika daraja lake. Lakini hakunionyesha tena karata zake, na tukimaliza mchezo hakunigusa bega. Ningetoa chochote aniguse bega na kuniambia nimejitahidi.

Mwaka uliofuata mashindano yakarudi. Mimi sikujiandikisha. Nilikwenda kukaa kwenye viti vya watazamaji, na nilipomwona anaingia na kile kimfuko cha khanga niliinamisha macho. Alishinda. Fainali alimfunga yule yule kijana wa mbio, kwa uhai mmoja uliobaki. Watu walisimama kumpigia makofi na mimi nikasimama, nikapiga mpaka viganja vikawaka moto. Aliitazama safu yetu yote, akaitikia kwa kichwa.

Basi akaenda Nairobi. Siku ile nilikuwa kazini, nimesimama kwenye korido ya maabara, picha ikaingia kwenye kundi la simu: yeye ameketi mezani, kadi ya mshiriki inaning’inia kifuani, mtandio mpya, mikono juu ya deki yake. Nikaikuza picha nikatafuta nyuma yake, kwenye zile nyuso zote za ukumbini. Mwenye duka ndiye aliyeniambia baadaye: yule mdogo wake hakuwepo. Alikuwa ameshaacha kucheza baada ya mashindano yale ya mwaka uliopita, karata zake alikwisha kuziuza.

Niliandika “Hongera dada, tunakuombea.” Wengine nao waliandika. Jioni alitujibu wote kwa pamoja: “Asanteni.”